Shotigani Kongwe ya Kujijaza: Kutoka Kabati la Marehemu Hadi Kwenye Kundi la Kanga

Bunduki ya baba mdogo ilikaa miaka 18 kwenye ghala la silaha la polisi kabla sijaigusa. Alikuwa dereva kwenye shamba la chai kule Mufindi. Meneja mmoja wa Kizungu alipofunga virago kurudi kwao, alimuuzia Browning Auto-5, shotigani ya kujijaza (inajiwekea risasi inayofuata yenyewe baada ya kila mlio) ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, iliyotengenezwa Ubelgiji, ile yenye mgongo uliokatika ghafla nyuma kama nundu ya ng'ombe. Baba mdogo alipofariki tuliikabidhi kituoni kama inavyotakiwa, kisha kila ndugu akadhani mwingine anashughulikia. Siku niliyokwenda kuiulizia ilikuwa na kutu ya rangi ya udongo wa Mafinga, mti wa mbele, ule unaoshikwa chini ya mtutu, una ufa, na pembeni yake pakiti ya risasi za karatasi zilizovimba kama maandazi.

Wenye hali kama yangu si wachache kuanzia Iringa hadi Tukuyu. Wagiriki wa tumbaku, Waingereza wa chai na Wajerumani wa kabla ya vita walileta silaha zao, wakaondoka, bunduki zikabaki. Ninayoandika hapa ni njia niliyopita, pamoja na makosa yangu. Sehemu kubwa nitaimaliza kwenye pete moja ya chuma isiyozidi upana wa kidole, maana katika bunduki za aina hii nilizowahi kuzishika, pete hiyo imeharibu nyingi kuliko kutu.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, chuma baadaye

Leseni ya silaha hairithiwi. Unaweza kurithi shamba, ng'ombe na madeni, lakini bunduki ya marehemu huirithi mpaka jina lako liandikwe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwenye mamlaka ni Jeshi la Polisi, kwa hiyo anza huko. Kama bunduki bado iko kwenye kabati la marehemu, usiifungue, usiijaribu, usiisafirishe kwenye buti la gari "ili tu fundi aione." Ita polisi au ikabidhi, udai stakabadhi yenye namba ya silaha.

Baada ya hapo kaeni kikao cha ukoo. Muhtasari uandikwe na kusainiwa, msimamizi wa mirathi apatikane mahakamani, kisha mmoja wenu aombe leseni kwa jina lake. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapanda kata, yanafika wilayani. Usitume mtu. Viongozi wa kijiji wanataka kukuona wewe, na wana haki ya kuuliza hasira zako zikoje.

Jambo moja dogo lilinigharimu miezi: namba iliyoko kwenye chuma ilisomeka 3 mahali ambapo kitabu kiliandika 8. Kabla hujajaza fomu yoyote, omba kuiona silaha mbele ya askari, futa namba kwa kitambaa chenye tone la mafuta, isome mchana kwenye mwanga wa jua, kisha linganisha tarakimu moja moja na stakabadhi.

Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau. Leseni ya polisi inakuruhusu kumiliki. Haikuruhusu kuwinda. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na sheria hiyo inabana matumizi ya silaha za kujijaza porini. Kwa hiyo nenda kwa afisa wa wanyamapori, mweleze bunduki yako ni ya aina gani, inabeba risasi ngapi, inajijaza vipi, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halisimami mbele ya askari wa doria. Mimi nilichonga kijiti cha mninga kikaingia ndani ya bomba la magazini, lile la kutunzia risasi chini ya mtutu, bomba likabaki kubeba risasi 1 tu. Ukijumlisha na ile ya kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, unapata 2, sawasawa na bunduki ya mitutu miwili. Wamarekani nao huziba magazini kwa kijiti wanapowinda ndege wahamao, ili jumla isizidi 3. Barua yangu inataja kijiti hicho waziwazi, na ninaibeba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na leseni. Jibu la ofisini likiwa ni hapana, basi ni hapana: utabaki na bunduki ya kulengea shabaha na ya kutunza, nayo si hasara.

Hatua ya 2: Jua ulichokishika

Mkusanyaji wa hapa kwetu hawezi kuwa kama wale wa Ulaya wenye ukuta mzima wa bunduki. Kila silaha ina leseni yake, na ukiomba ya tatu utaulizwa unapigana na nani. Ukusanyaji wetu ni wa kujua sana kuhusu bunduki moja au mbili, na hilo halihitaji kibali.

Karibu shotigani zote kongwe za kujijaza utakazokutana nazo Nyanda za Juu Kusini zinatoka kwenye ukoo wa Auto-5. Mbunifu wake ni John Moses Browning wa Utah, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1900. Aliipeleka kwanza kwa Winchester, kampuni aliyofanya nayo kazi miaka mingi, wakashindwana kwenye malipo. Akaenda Remington. Akiwa anasubiri kuonana na mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akaambiwa mzee amefariki siku hiyohiyo. Ilikuwa Januari 1902. Browning akapanda meli hadi Ubelgiji, kwa Fabrique Nationale ya Herstal karibu na Liège, na huko ndiko bunduki ilikozaliwa. Wabelgiji waliitengeneza mpaka katikati ya miaka ya 1970, kisha kazi ikahamia kwa Miroku wa Japani hadi 1998. Browning mwenyewe alifia kiwandani Liège mwaka 1926.

Jina Auto-5 linatokana na risasi 5: nne kwenye bomba, moja kwenye chemba. Remington nao baadaye walipewa ruhusa wakatoa Model 11, pacha wa Auto-5 aliyelelewa Marekani. Savage walitoa 720. Franchi wa Italia walitoa 48 AL, nyepesi, yenye mfumo uleule.

Winchester, baada ya kumwacha Browning aondoke, ilibidi watengeneze yao bila kugusa hataza zake. Ndiyo Model 1911. Haina mkono wa kuvutia bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma. Unaijaza kwa kuusukuma mtutu wenyewe urudi nyuma. Risasi za karatasi zilipovimba kwa unyevu na kukwama, watu waliweka kitako chini, wakaukumbatia mtutu na kuusukuma kwa nguvu, uso ukiwa juu ya mdomo wa bunduki. Waliokufa hivyo waliipatia jina la mtengeneza wajane. Ukiikuta, itunze kwa ajili ya kuitazama.

Kizazi cha pili ni bunduki za gesi. Remington 1100 iliingia sokoni 1963. Hiyo mtutu wake hautembei; gesi ya baruti inapenya kwenye vitundu vidogo na kusukuma pistoni. Teke lake ni laini begani. Ila ina mpira mdogo wa mviringo, oringi, ambao ukipasuka bunduki inagoma kujijaza, na watu hutupa lawama kwa risasi.

Kuitambua ya Ubelgiji: tafuta maandishi ya Fabrique Nationale, Herstal, kwenye mtutu au kwenye mwili wa chuma, na chapa za ukaguzi za Liège, hasa herufi ELG ndani ya duara refu lenye taji juu yake. Zile za zamani zaidi zina kitasa cha usalama kwa mbele, ndani ya kinga ya triga. Za baadaye zina kitufe cha kusukuma nyuma ya triga. Kama mtutu umeandikwa Remington lakini mwili unasema Browning, usishtuke. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji mwaka 1940, Browning waliagiza bunduki zao kwa Remington mpaka baada ya vita kuisha.

Hatua ya 3: Ukaguzi

Fanya haya mbele ya fundi bunduki mwenye leseni au askari wa ghala, bunduki ikiwa imefunguliwa na chemba imeguswa kwa kidole. Kwa kidole, si kwa jicho tu.

Tazama ndani ya mtutu ukiuelekeza angani. Mwanga uwe duara baada ya duara, kama maji yaliyotulia. Ukiona kivuli cha pete mahali fulani, mtutu umevimba pale. Siku moja kulikuwa na tope au kitambaa ndani na mtu akafyatua. Mtutu huo usiupige hata mara moja.

Pitisha kucha pembezoni mwa mti wa mbele, hasa nyuma unapokutana na chuma. Ufa wa hapo ndio ugonjwa wa Auto-5, na chanzo chake tutakifikia. Kisha vuta bolti nyuma utazame mwisho wa ndani wa mwili wa bunduki: pana kipande kidogo cha faiba kilichopigiliwa, kazi yake kupokea kishindo cha bolti. Kikikauka kikawa kama pembe, au kikitoka, chuma kinapiga chuma. Kubadilisha ni kazi ya saa moja. Usipobadilisha utakuja kununua mwili mzima.

Jaribu usalama kwa risasi bandia. Weka kitasa kwenye salama, vuta triga kwa nguvu, achia, ondoa salama. Nyundo ikianguka yenyewe wakati huo, bunduki hiyo ni ya kutundikwa mpaka fundi aitengeneze.

Kama ni Browning ya Ubelgiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa 1970, fungua skrubu ya kitako uone chuma kilichogusana na mti. Kipindi hicho baadhi ya miti ya jozi ilikaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo hula chuma kutoka ndani. Nje inang'aa, ndani imeoza. Muuzaji akikataa usifungue skrubu, muage kwa heshima.

Na uchunge kidole gumba. Unapoingiza risasi kwenye bomba kutoka chini, kuna kibao cha chuma kinachoinuka chenyewe. Fundi mmoja mzee wa Iringa alinionya, "Mwanangu, hii inauma." Nikacheka. Ikaniuma.

Hatua ya 4: Pete

Hapa tutulie, maana ndipo penye siri yote.

Ukifyatua Auto-5, mtutu na bolti vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, urefu wote wa risasi na zaidi. Vikifika mwisho, bolti inashikwa nyuma, mtutu peke yake unarudi mbele, ganda tupu linaruka nje, risasi mpya inainuliwa, kisha bolti inafuata na kuifungia. Yote hayo kabla hujapepesa macho. Ukiitazama ikifanya kazi polepole kwa mkono, utadhani ni mashine ya cherehani.

Kitu kinachozuia mtutu huo mzito usigonge mwili kama nyundo ni springi nene iliyozungushwa kwenye bomba la magazini, pamoja na breki. Breki ina vipande viwili: kola ya shaba iliyopasuliwa, na pete ya chuma yenye upande mmoja bapa na mwingine uliochongwa mshazari. Mtutu ukirudi, unaisukuma kola. Kola ikikandamizwa na mshazari wa pete inalibana bomba, mwendo unapungua.

Pete ina makazi mawili. Kwa risasi nzito, zenye baruti na marisau (vile vipira vidogo vya ndani) mengi, inakaa juu ya springi, kati ya springi na kola ya shaba, mshazari ukitazama mbele ili uilalie kola. Kwa risasi nyepesi unaitoa hapo na kuishusha mpaka chini kabisa, mwanzoni mwa bomba, nyuma ya springi. Huko haifanyi kazi yoyote, ni kama imepewa likizo. Kola ya shaba inabaki mbele siku zote.

Sasa fikiria mzee aliyesafisha bunduki yake mwaka 1974 usiku kwa koroboi, akairudisha pete chini, kisha miaka yote iliyofuata akapiga risasi nzito za nguruwe. Bunduki haikugoma. Ilipiga vizuri mno, inarusha maganda mbali kabisa, na mzee akasifu nguvu yake. Kila mlio ulikuwa unapasua mti wa mbele unywele mmoja mmoja.

Mimi nilifanya kinyume chake, halafu nikafanya kosa lilelile. Siku ya kwanza uwanja wa shabaha, pete ilikuwa juu na risasi zangu zilikuwa nyepesi; bunduki ikawa inabakiza ganda mlangoni kama mtu aliyekabwa na ugali. Nikaishusha pete, ikafanya kazi. Wiki mbili baadaye nikapata risasi nzito, nikasahau. Mlio wa tatu, ufa wa baba mdogo ukafika mpaka mbele na kipande cha mti kikaanguka kwenye majani. Mzee aliyekuwa nami hakusema neno. Alikiokota kile kipande, akakipangusa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu:

Hakikisha bunduki haina kitu. Simamisha kitako juu ya kitambaa, sukuma mtutu chini kidogo kwa mkono mmoja (mdomo wake ukiwa pembeni yako), fungua kofia ya mbele kwa mkono wa pili. Mti wa mbele unatoka, mtutu unatoka.

Kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu. Picha hiyo itakuonyesha mtu wa mwisho aliiachaje, na mara nyingi itakueleza ule ufa ulitoka wapi.

Toa vyote, safisha kwa mafuta ya taa, futa bomba mpaka ling'ae. Pima springi kwa kuisimamisha kando ya bomba: ikiwa huru inatakiwa ilipite bomba kwa urefu bila ubishi. Ikiwa imelingana nalo au imepungua, imechoka, tafuta nyingine. Usiinyooshe kwa kuivuta. Itarudi ilikokuwa baada ya milio kumi.

Paka bomba mafuta mepesi ya bunduki kwa kitambaa, kisha lifute karibu yote, libaki na unyevu kama kioo kilichopumuliwa. Hapa wengi hukosea kwa wema. Ukilimwagia mafuta au grisi, kola inateleza, breki haipo. Ukiliacha kavu kabisa, kola inang'ang'ania na mtutu haurudi wote.

Rudisha vipande kwa mpangilio wa risasi utakazotumia siku hiyo. Kisha andika kwenye kipande cha plasta ndani ya mti wa mbele: PETE JUU, au PETE CHINI.

Kipimo cha mwisho ni ganda. Piga risasi moja moja ukiwa na risasi 1 tu kwenye bomba, utazame ganda tupu linaangukia wapi. Hatua tatu au nne kutoka ulipo ni afya. Likianguka miguuni, breki imekaza. Likiruka hatua nane au kumi, acha kupiga, pandisha pete juu.

Ukiwa na shaka, anza na pete juu. Bunduki iliyobanwa itakataa kujijaza tu. Iliyoachiwa inajivunja.

Hatua ya 5: Risasi

Geji 12 maana yake ni kwamba vipira 12 vya madini ya risasi, vyenye upana wa mtutu, vinatimiza ratili moja. Mtutu wenyewe ni kama milimita 18.5. Geji 20 ni ndogo kwa karibu milimita 3, na hapo kuna hatari inayoua: risasi ya geji 20 ikiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12 haiangukii nje, inateremka na kukwama mbele ya chemba. Ukiingiza ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi. Usiweke aina mbili kwenye mfuko mmoja, hata kwa dakika.

Kuhusu urefu: bunduki nyingi za kale za Ulaya, hasa geji 16, zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi za leo nyingi ni 70. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni urefu wa ganda likishafunguka, baada ya kupigwa. Ndiyo maana risasi ya 70 huingia kwenye chemba ya 65 bila ubishi ikamdanganya mtu. Ikipigwa, mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka, shinikizo linapanda, na ganda linakwama. Fundi aipime chemba kwa kipimo chake, aandike kwenye karatasi ya matengenezo.

Marisau ya chuma usiyatie kabisa kwenye mitutu ya zamani ya Ubelgiji. Yametengenezwa kwa mitutu ya leo. Tumia ya madini ya risasi.

Namba za ukubwa hazifanani kati ya nchi na nchi. Namba 6 ya Marekani ni kama milimita 2.8, ambayo kwa Mwingereza ni namba 5. Soma milimita. Kwa kanga natumia 2.8 hadi 3, gramu 32 au 36. Kwa kwale inatosha 2.4 au 2.5. Zile risasi za karatasi za baba mdogo nilizikabidhi polisi zikateketezwe. Nilibaki na pakiti tupu, na hiyo ndiyo sehemu ya makusanyo yangu ninayoipenda kuliko zote.

Hatua ya 6: Mti na ukungu

Mti uliopasuka wa mbele unaweza kuunganishwa kwa gundi ya epoksi ikiwa ufa ni mmoja na mafuta hayajaingia. Ukishanyonya mafuta ya miaka 40, gundi haishiki, chonga mpya. Msiniletee mpaini wa Sao Hill, wala mkaratusi. Mti wa mbele wa Auto-5 ni mwembamba kama ganda la yai na unapigwa kila mlio. Nilitumia mninga uliokaushwa miaka saba chini ya paa la jiko, nyuzi zake zikifuata urefu. Mninga hauchezi sana mvua ikija au jua likija. Seremala aliyenichongea alikuwa hajawahi kuishika bunduki, na sikumpa. Nilimpa mti wa zamani uliopasuka kama kielelezo, akachonga kwa siku mbili.

Ukiishi Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, au Mufindi kwenye ukungu wa Juni, adui yako ni kutoa bunduki kwenye baridi na kuiingiza ndani penye moto. Inatoka jasho. Iache kwenye mfuko mpaka ilingane na joto la chumba, ndipo ufute. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi; ngozi inashika unyevu. Kabati la chuma lililofungiwa ukutani, kitambaa chenye mafuta, na kopo la mchele uliokaangwa ukakauka ili unyonye unyevu, ndiyo dawa yangu. Mchele ubadilishwe kila mwezi. Mke wangu anaupima.

Hatua ya 7: Shabaha ya karatasi

Tandika karatasi kubwa mita 36 mbele yako, kwenye uwanja unaoruhusiwa wenye kingo ya udongo. Piga mara moja katikati. Kisha chora duara la kipenyo cha sentimita 76 kuzunguka pale marisau yalipojaa. Mtutu wenye choki kali, yaani uliobanwa sana mdomoni, hupeleka karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara hilo. Usio na choki, kama 40. Kwenye mitutu ya FN choki imeandikwa kwa nyota: nyota moja ni kali, mbili ni ya wastani, tatu ni mtutu ulio wazi. Tazama pia matundu: kama pana nafasi tupu ambayo kanga mzima angepita bila kuguswa, badilisha aina ya risasi na ujaribu tena. Mitutu ya zamani ina chaguo lake la risasi, kama wazee na chai.

Hatua ya 8: Kanga

Msimu hufunguliwa Julai. Leseni ya uwindaji hutaja mnyama, idadi na eneo, na eneo lina mipaka yake. Bonde la Usangu wengine bado wanalisimulia kama zamani, lakini tangu 2008 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Huko unakwenda na darubini. Afisa akuonyeshe ramani, na usimtegemee kijana wa kijiji anayesema "hapa wote tunapigaga."

Kanga hukimbia kwanza, huruka mwisho. Ukilifuata kundi kwa nyuma litakutembeza mpaka saa sita. Wawili wenu mgawane: mmoja azunguke kwa mbali na kutulia kwenye kingo la korongo, mwingine alisukume kundi taratibu asubuhi linapotoka kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa. Aliyezunguka ajue mwenzake yuko wapi wakati wote, na hakuna mtu kupiga chini ya usawa wa kichwa. Piga anayeruka, mbingu ikiwa nyuma yake, ndani ya mita 30. Usipige katikati ya kundi lililo chini. Utajeruhi watano na kuwaokota wawili.

Kwa bunduki ya kujijaza kuna tabia moja ya kujifunza upya. Baada ya mlio wa kwanza, tayari ina risasi nyingine na nyundo iko juu. Mwenye mitutu miwili huikunja bunduki yake na kila mtu anaona kwamba iko wazi. Ya kwako haionyeshi kitu. Kwa hiyo ukimpiga ndege, rudisha kitasa cha usalama kabla hujainua mguu. Kabla ya kuvuka mfereji au kupanda gari, toa zote, acha bolti nyuma, ingiza kidole. Usipige kutoka ndani ya gari, wala usiku kwa taa; hayo ni makosa ya sheria, na ni aibu.

Ukirudi, fungua mti wa mbele siku hiyohiyo hata kama umechoka. Vumbi la Pawaga ni laini kama unga, linachanganyika na mafuta kwenye kola ya shaba na kuwa msasa. Futa, kausha, angalia pete, funga kabati, kisha jaza daftari. Mstari wangu wa mwisho wa msimu uliopita unasomeka hivi: "Risasi 11, kanga 4, pete juu, ganda hatua tatu. Mti wa mninga mzima. Kidole gumba kimepona."